Nina kadi ya bluu ya pakingi lakini bosi na meneja wa apatimenti wameikataa, nifanyeje?

"Shikamoo dada. Naishi San Diego, nina miaka 34, nimezaliwa na selimundu na sasa nyonga ya kulia imeharibika, daktari anasema mfupa umekufa kwa ndani. Nikitembea kidogo niko sawa, nikizidisha naanza kuchechemea na usiku silali. Daktari alinijazia fomu nikapata kadi ya bluu ya walemavu ya DMV, idara ya magari. Nafanya kazi ghala, tuko wafanyakazi kama arobaini. Nilipaki kwenye nafasi ya walemavu pale kazini supavaiza akaniambia zile ni za wateja, halafu akaongeza kama wewe ni mlemavu basi hii kazi hukutakiwa kuifanya, mbona unaonekana mzima. Nyumbani nako meneja wa apatimenti amekataa kunipa pakingi ya karibu, anasema kadi haimhusu, yangu ni ile ya mwisho kule nyuma. Wenzangu wananiambia ninyamaze manake nikileta makaratasi ya ugonjwa nitafukuzwa na hata mambo yangu ya uhamiaji yataharibika, niliingia kama mkimbizi, uraia bado. Na shemeji yangu anaiomba ile kadi akienda mjini kati kwa sababu pakingi ni ghali. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana na hiyo nyonga. Wanaoijua selimundu wanajua maumivu yake huwezi kumweleza mtu ambaye hayajamfika akaelewa.

Umeuliza mambo manne kwa mpigo, kazi, nyumba, uhamiaji na shemeji, ila naona yote yanaanzia sehemu moja. Wewe unaamini haki yako imo ndani ya ile kadi, ndo maana supavaiza alipoikataa na meneja naye akaikataa ukaona basi, mambo yameisha. Sasa nikuambie kitu ambacho pengine hukitegemei: meneja aliposema kadi haimhusu, kwa hilo peke yake yuko sahihi. Kadi ya DMV haimlazimishi akugawie nafasi. Kinachombana ni sheria nyingine kabisa, na hiyo haiulizi kama una kadi au huna, inaanza kufanya kazi siku ile unapoomba. Na kwa jinsi ulivyoandika naona hujaomba bado, umeonyesha kadi tu.

Tuanze na kadi yenyewe tuimalize. Inatolewa chini ya sheria ya magari ya jimbo la California, kwa fomu inayoitwa REG 195, sehemu yako unajaza wewe na sehemu ya daktari anajaza daktari au muuguzi bingwa aliyeruhusiwa. Ya kudumu ni hiyo ya bluu na haina malipo, ya muda ni nyekundu, dola 6, na haizidi siku 180. Ya bluu zote zinaisha tarehe 30 Juni ya mwaka wa namba witiri, yaani 2027, 2029 na kuendelea hivyo, na DMV wanakutumia mpya kwa posta, kwa hiyo ukihama nyumba bila kubadilisha anwani kwao kadi inaenda nyumba ya zamani na wewe unakuja kushtuka Julai una kadi iliyokufa na tiketi juu ya kioo. Halafu kila baada ya miaka 6 wanakutumia karatasi ya kusaini kwamba bado unaihitaji, hiyo usiitupe ukadhani ni matangazo.

Ukiwa nayo unaruhusiwa kupaki kwenye nafasi zenye alama ya kiti cha magurudumu, kwenye ukingo wa barabara uliopakwa bluu, kwenye ukingo wa kijani bila kuhesabiwa dakika, kwenye mita za barabarani bila kulipa, na kwenye mitaa ile ya wakazi wenye vibali. Huruhusiwi ukingo mwekundu, wa njano wala mweupe. Na huruhusiwi kabisa kuegesha kwenye ile sehemu yenye mistari ya mshazari pembeni ya nafasi, hata kama mvua inanyesha na unasema ni dakika moja. Ile sehemu ni futi 5 kwa gari la kawaida na mara nyingi futi 8 kwa van, na kazi yake ni ramp ya kiti cha magurudumu ishuke, mtu akitoka dukani akakuta umeziba pale hawezi kuingia kwenye gari lake mwenyewe na itabidi akae hapo akusubiri. Gereji binafsi na viwanja vya pakingi vya kulipia nako kadi haikupi bure, hapo wengi wanakosea.

Kadi inamfuata mtu, haifuati gari. Huhitaji kuwa na gari wala leseni ya kuendesha, mkeo akikuendesha inatumika, rafiki akikupa lifti inatumika. Ukisafiri kwenda Arizona au Texas nako wanaitambua, manake serikali kuu ilitoa kanuni mwaka 1991 kwamba majimbo yatambuliane, ila mambo ya mita za bure kila jimbo lina lake kwa hiyo soma kibao kwanza.

Na hilo la "unaonekana mzima". Ile alama ya kiti cha magurudumu ilichorwa mwaka 1968 na mwanafunzi wa Denmark anaitwa Susanne Koefoed, na kwa sababu imeenea dunia nzima watu wamejifunza kwamba asiye na kiti hana haki ya pale. Sheria ya California haisemi hivyo hata kidogo. Inataja mtu aliyepoteza matumizi ya mguu au miguu, ugonjwa wa moyo wa daraja la tatu au la nne, mapafu yaliyoshuka kiwango fulani, matatizo fulani ya macho, na inataja pia ugonjwa wowote uliothibitishwa na daktari ambao unaathiri kwa kiasi kikubwa uwezo wa kutembea. Wewe upo hapo kwenye hicho cha mwisho. Kwenye selimundu zile chembe za damu zinapinda zinakwama kwenye mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja kinalishwa na mishipa michache tu, damu ikikatika mfupa unakufa polepole na mwishowe unabonyea. Hatua za mwanzo unatembea kama kila mtu. Kila hatua ya ziada lakini inauponda ule mfupa, na gharama yake unailipa usiku. Kwa hiyo umbali wa kutoka kwenye gari hadi mlangoni ndo dawa yenyewe, na mtu wa pembeni hawezi kuuona kwa macho.

Mpita njia akikusimamisha akakuambia wewe si mlemavu, huna wajibu wa kumweleza lolote, mwitikie kwa heshima uende zako. Polisi au mpelelezi wa DMV akikuomba uthibitisho hapo ni tofauti, unatakiwa kuonyesha kitambulisho chako na ile karatasi ya DMV yenye jina lako na namba ya kadi. Wengi wanaiacha nyumbani kwenye droo. Iweke kwenye gari, au bora zaidi kwenye pochi, kwa sababu gari inaweza kuwa ya mtu mwingine siku hiyo.

Haya, sasa tuje kwenye sheria ambayo ndo inakusaidia kwa bosi na kwa meneja. California ina sheria yake ya haki katika ajira na makazi, inaitwa FEHA kwa kifupi, na juu yake kuna ile ya nchi nzima ya watu wenye ulemavu, ADA, iliyosainiwa na rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990. Watu wengi wanaijua ADA peke yake, lakini ukiwa California FEHA ndo yenye meno makali zaidi. ADA kwenye ajira inaanzia mwajiri mwenye watu 15, FEHA inaanzia watu 5. ADA inataka hali yako iwe inazuia shughuli muhimu ya maisha kwa kiasi kikubwa, FEHA inatosheka ikiwa inazuia tu, na bila kuangalia kama dawa au fimbo vinakupunguzia. Sasa linganisha na kadi: kadi inadai kutembea kwako kuathirike kwa kiasi kikubwa. Manake yake ni kwamba mtu anaweza kunyimwa kadi na DMV na bado akawa analindwa kazini vizuri kabisa, mwenye kifafa, mwenye kisukari, mwenye sonona, wote hao. Kwa hiyo wewe uliyepata kadi usiwe na wasiwasi kama unahesabika au huhesabiki.

FEHA inampa mwajiri wajibu wa aina mbili ambao nataka uuelewe vizuri. Wa kwanza ni kukufanyia marekebisho yanayofaa ili ufanye kazi yako, isipokuwa athibitishe kwamba yatamletea mzigo usiobebeka kwa ukubwa na uwezo wa biashara yake. Wa pili, na huu ndo waajiri wengi wanaangukia, ni kukaa na wewe kwa nia njema na bila kuchelewesha mkazungumza nini kinawezekana. Hayo mazungumzo yenyewe ni lazima kisheria. Bosi anayesema hapana papo hapo bila kuuliza kitu ameshaanza kukosea hata kabla hatujajua kama ombi lako lilikuwa la haki. Supavaiza wako aliposema "hii kazi hukutakiwa kuifanya" ameruka hatua zote. Sheria inauliza kama unaweza kutimiza kazi za msingi za nafasi yako, ukiwa na marekebisho au bila. Kutembea kutoka mwisho wa pakingi siyo kazi ya msingi ya mtu wa ghala, hakuna anayelipwa kwa hilo.

Ila niwe mkweli kwako hapa. Kazi ya ghala mara nyingi ni kusimama na kutembea zamu nzima, na ukiomba pakingi kwa sababu ya nyonga, wana haki ya kuuliza je, humo ndani unamudu? Kwa hiyo kabla hujaandika kitu kaa na daktari wako muongee ukweli: unaweza kutembea muda gani kabla ya kupumzika, kubeba kilo ngapi, je, ukihamishiwa kwenye forklift au meza ya kupanga oda itasaidia, ukipata kiti cha kukalia kati ya kazi je. Ukienda na majibu unaongoza mazungumzo. Ukienda na pakingi peke yake halafu wakaanza kuuliza maswali hayo wewe huna la kusema, utajikuta unajitetea.

Kuhusu zile nafasi za bluu za kazini. Mwajiri anaruhusiwa kupanga wateja wapaki wapi na wafanyakazi wapi, hilo sikufichi. Lakini pakingi ya wafanyakazi nayo inatakiwa iwe na nafasi zake, haziwezi zote kuwa upande wa wateja na wafanyakazi wakaachwa bila kitu. Hesabu ya viwango vya ADA ni nafasi 1 kwa pakingi ya magari hadi 25, nafasi 2 hadi 50, nafasi 3 hadi 75, na katika kila 6 angalau 1 iwe ya van. Jengo likiwa la zamani sana kuna mambo ya ziada ya kuangalia, ila nenda siku moja uhesabu, piga picha ya mstari wa wafanyakazi na vibao vyake. Ukikuta hakuna hata moja hiyo ni hoja kubwa zaidi ya pakingi yako wewe.

Usirudi kupaki pale kwa nguvu wakati umekatazwa. Najua inauma, ila utampa mtu sababu ya kukuandikia barua ya utovu wa nidhamu na mjadala utahama kutoka kwenye haki yako kwenda kwenye ukaidi wako. Andika. Sheria haitaki maneno maalum, hata kusema kwa mdomo inatosha, lakini maneno ya mdomo hayana shahidi. Tuma imeli kwa ofisi ya HR, yaani ya mambo ya wafanyakazi, na nakala kwa supavaiza, kama hakuna HR tuma kwa mwenye kampuni, kwa Kiingereza chepesi ulicho nacho, mistari michache tu: kwamba una hali ya kiafya inayokuzuia kutembea umbali mrefu, kwamba unaomba marekebisho yanayofaa chini ya FEHA na ADA, kwamba unaomba nafasi ya kupaki karibu na mlango wa wafanyakazi na uko tayari kuzungumzia njia nyingine itakayofanya kazi, kwamba daktari wako anaweza kuthibitisha, na kwamba unaomba jibu kufikia tarehe fulani, mpe kama wiki moja. Tarehe iwepo. Usitaje selimundu. Mwajiri anaruhusiwa kuomba barua ya daktari inayothibitisha una kizuizi na unahitaji marekebisho, haruhusiwi kukudai jina la ugonjwa, na hiyo barua inatakiwa kukaa kwenye faili la siri mbali na faili lako la kazi. Kwa hiyo mwambie daktari aandike vizuizi: asitembee zaidi ya umbali fulani kwa mfululizo, kwa muda gani, tangu lini. Madaktari kwa tabia yao wanaanza na jina la ugonjwa, mkumbushe kabla hajachapa.

Wanaweza kukukubalia kitu tofauti na ulichoomba. Labda watasema upaki nyuma kwenye mlango wa mizigo, au uingie dakika kumi kabla ya wengine upate nafasi ya mbele. Kama kinafanya kazi kweli, sheria inawaruhusu wachague wao. Kama hakifanyi kazi waambie kwa maandishi kwa nini, usinyamaze ukaumia kimya kimya kisha baadaye ukasema walikunyima.

Pakingi kuwa marekebisho ya kazi siyo ndoto ya wanasheria. Mwaka 1995 mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia New York ilikuwa na kesi mbili zinazofanana na yako. Moja ni ya mwanasheria aliyegongwa na gari akawa hawezi kutembea mbali, alimwomba mwajiri wake amlipie pakingi karibu na ofisi Manhattan, mahakama ya chini ikaitupa kesi, ya rufaa ikasema hapana, hilo ombi linaweza kuwa marekebisho yanayofaa, kesi iendelee. Haikusema ameshinda, ilisema haiwezi kutupwa. Nyingine ni ya mpangaji mwenye multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, katika jengo la Cadman Towers kule Brooklyn, nyumba za ushirika, pakingi ilikuwa kwa foleni ya kusubiri na yeye aliambiwa asubiri kama wengine. Mahakama ya chini iliamuru apewe nafasi bila kusubiri foleni wakati kesi ikiendelea, na ya rufaa ikakubaliana nayo. New York haiiamuru California, lakini wazo ni lile lile na sheria ya California ni pana kuliko ya shirikisho.

Hiyo ya Brooklyn inatupeleka nyumbani kwako. Meneja anafikiri kukupangia nafasi ya mwisho kama alivyompangia kila mtu ndo usawa. Sheria ya makazi, ile ya shirikisho pamoja na FEHA, inasema kukataa kubadilisha utaratibu wa kawaida pale mtu mwenye ulemavu anapohitaji ili afurahie makazi yake sawa na wengine ni ubaguzi wenyewe. Hata serikali kuu ilipotoa mwongozo wa pamoja wa wizara ya nyumba na ya sheria mwaka 2004, mfano mmojawapo waliouweka ni huo huo wa mpangaji asiyeweza kutembea mbali anayeomba nafasi ya pakingi karibu na mlango wake. Kwa hiyo andika ombi kama lile la kazini, badilisha tu maneno: unaomba ubadilishiwe nafasi namba fulani upewe iliyo karibu na ngazi zako kwa sababu ya kizuizi cha kutembea. Ambatisha barua ya daktari, kadi unaweza kuipiga picha ukaiweka kama nyongeza ya kuonyesha hutanii. Hawezi kukudai rekodi za hospitali na hawezi kukutoza ada ya ziada ati kwa sababu ni marekebisho.

Hapa pia kuna ukweli mgumu kidogo. Nafasi ya karibu pengine ina mpangaji mwingine ambaye ameandikiwa kwenye mkataba wake. Meneja halazimiki kuvunja mkataba wa mwenzako kesho asubuhi, lakini analazimika kutafuta: kuna nafasi za wageni, kuna iliyo wazi, kuna jirani anayeweza kukubali kubadilishana akiombwa vizuri. Na zile za bluu kwenye apatimenti mara nyingi ni za yeyote mwenye kadi, anayewahi anapata, kwa hiyo meneja akikuambia "paki pale za bluu" na kila ukirudi zamu ya usiku zimejaa, hilo siyo jibu. Weka kumbukumbu ya siku ulizokosa, tarehe na saa na picha.

Sasa hofu za wenzako, manake najua ndizo zinakukosesha usingizi pamoja na nyonga.

Kufukuzwa. Sheria ya California inakataza kumlipizia kisasi mtu kwa kuomba marekebisho, na tangu 2016 imeandikwa wazi kwamba kuomba peke yake kunalindwa, hata kama ombi lako baadaye litakataliwa kwa haki. Sitakudanganya kwamba karatasi inamzuia bosi mbaya asikufukuze, anaweza. Ila ukinyamaza anaweza pia, na hapo huna pa kushika. Mtu aliyeomba kwa maandishi tarehe 3 na kufukuzwa tarehe 20 ana kesi, aliyevumilia akaanza kuchelewa kazini kwa sababu ya maumivu halafu akafukuzwa kwa kuchelewa, huyo kumsaidia ni kazi kweli kweli, nimeona wengi wa namna hiyo na inaniuma kila mara kwa sababu ilikuwa imeli moja tu.

Uhamiaji. Kadi ya pakingi haikupi pesa, na ombi kwa mwajiri au kwa meneja ni jambo kati yako na wao. Kile kipengele cha kuwa mzigo kwa serikali ambacho kinatisha watu, wakimbizi na waliopewa hifadhi wameondolewa kwa sheria yenyewe, wewe uliyeingia kama mkimbizi hakikuhusu unapoomba green card. Na ulinzi wa FEHA kazini unamhusu kila mfanyakazi California hata asiye na karatasi, jimbo lilishaliweka hilo kwenye sheria tangu 2002.

Kitu ambacho kweli kinaweza kukugusa kwenye uraia ni hicho cha shemeji. Kadi inatumika tu ukiwemo kwenye gari au uko karibu na anakuja kukuchukua au amekushusha. Shemeji akienda nayo mjini peke yake, yeye ana kosa na wewe uliyempa una kosa. Faini ni kuanzia dola 250 hadi 1,000, na linaweza kufunguliwa kama kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miezi 6 jela ya kaunti. DMV wanafanya misako, wanasimama kwenye maduka makubwa na viwanja vya maonyesho wanakagua kadi moja moja na kulinganisha na jina la aliyepewa. Wanaweza kuichukua papo hapo. Halafu fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, kushtakiwa au kupewa hati ya kosa, na utalazimika kueleza. Mweleze shemeji hivyo hivyo, kwamba siyo ubahili. Pakingi ya mjini kati siku nzima haifiki hata robo ya hiyo faini. Na tukiwa hapo hapo, mwenye kadi akifariki familia inatakiwa kuirudisha DMV ndani ya siku 60, kuna watu wanaendelea kutumia ya mama marehemu wakidhani hakuna anayejua.

Sasa lini uache kusoma na uende ukaonane na mtu. Kama umepewa barua ya onyo, umepunguziwa saa au umefukuzwa baada ya kuomba, usisubiri. Kama meneja amekuletea notisi ya kukuondoa, siku hiyo hiyo, manake notisi za California nyingine ni za siku 3 na mahakama hazisubiri. Kama umeandikiwa kosa la kadi linalokupeleka mahakamani, ona wakili wa uhamiaji kabla hujakubali kosa lolote, hata kama wakili wa jinai anakuambia ni faini ndogo tu. Na kama wiki mbili zimepita na imeli yako haijajibiwa, tuma ya pili ya kukumbusha na uanze kutafuta msaada.

Msaada wa bure upo. Disability Rights California wanahudumia jimbo zima na kazi yao ndo hiyo. San Diego kuna Legal Aid Society of San Diego ambao wanashughulikia haki za makazi. Malalamiko rasmi unayapeleka Idara ya Haki za Kiraia ya California, CRD, bila malipo na bila wakili, kwa mambo ya kazi una miaka 3 tangu tukio, kwa mambo ya nyumba ni mwaka 1. Kwa upande wa shirikisho tume ya EEOC, ile ya usawa kazini, ni siku 300, kwa hiyo mimi huwa nawaambia watu wahesabu ile fupi. Ukipiga simu CRD sema unahitaji mkalimani wa Kiswahili, usimtume mtoto akutafsirie mambo ya ugonjwa wako na kazi yako.

Siku ya kwenda beba imeli zote zilizochapishwa na majibu yake, barua ya daktari, mkataba wa nyumba, karatasi mbili tatu za mshahara, picha za pakingi zikiwa na tarehe, na daftari ulipoandika nani alisema nini lini, ukianza na yale maneno ya supavaiza wako neno kwa neno, pamoja na jina la yeyote aliyekuwa amesimama pale akasikia.